Majina Mawili Chini ya Kijitabu

Thomasin Capstick alikuwa na masikio yasiyojua kupumzika. Akiwa jikoni kwake anafuma soksi, alimjua kila apitaye njiani kwa mlio wake: viatu vya mbao vya jirani yake Mabel, kwato za farasi wa mchukuzi wa sufu, fimbo ya mzee Cuthbert ikigonga mawe. Ukipita mlio asioujua, sindano zilisimama mkononi, naye akanyoosha shingo kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Mlio ukishapita, sindano zilianza tena.

Hakuwa hivyo tangu zamani. Siku waliyokuja kumchukua Miles, mumewe, alikuwa zizini anakamua huku akiimba, wala hakusikia kitu. Alipoingia ndani na ndoo yake alikuta kiti kimepinduka na bintiye Ellin amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Miles alikuwa amekataa kutoa zaka ya kasisi, na kwa kosa hilo aliwekwa gerezani mjini. Alitoka humo akiwa amelazwa juu ya mkokoteni, amefunikwa blanketi hadi usoni. Tangu hapo Thomasin hakuimba tena akiwa kazini. Alisikiliza.

Nchi haikuwa na mfalme siku hizo, na kila mtu aliyejua kushika kalamu alikuwa anabishana na mwenzake juu ya Mungu. Huku juu Rawthby, kwenye milima ya kaskazini ambako kondoo ni wengi kuliko watu, ubishi ulikuwa baina ya kasisi wa kijiji, Bwana Gervase Pennick, na kundi la watu waliokuwa wakikutana kwenye ghala la Mabel. Wenyewe walijiita Marafiki. Wanakijiji waliwaita Watetemekaji, kwa sababu baadhi yao walitetemeka Roho alipowashukia. Hawakumvulia mtu kofia, awe hakimu au nani. Hawakula kiapo. Kanisa waliliita nyumba yenye mnara, na humo hawakuingia ila kumpinga kasisi mbele ya watu wake. Walikaa ghalani kimya, wakingoja Nuru, ndiyo sauti ya Mungu moyoni, iwaambie neno, na isipowaambia waliinuka wakaenda zao nyumbani kula.

Ukimya ule ulimpa Thomasin taabu. Si kwamba hakuamini. Aliamini kabisa. Lakini mikono yake, ikikosa sindano, ilitafuta kitu cha kushika: upindo wa aproni, kidole cha Ellin, jani la nyasi kavu.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mchukuzi wa sufu alirudi kutoka kusini na mzigo wa vijitabu. Bwana Pennick alikuwa ameandika kijitabu, nacho kikapigwa chapa London. Kijitabu kiliitwa *Watetemekaji wa Rawthby Wavuliwa Nguo Mchana Kweupe*, na kabla jua halijatua nusu ya kijiji walikuwa wamesikia kikisomwa, maana wasiojua kusoma walikusanyika kwa mwuza pombe na anayejua alipanda juu ya benchi.

Mabel ndiye aliyekileta kwa Thomasin, amekificha chini ya shali. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia kondoo, na siku hiyo alijaribu kunong'ona.

"Usimwonyeshe Ellin," alisema.

"Kuna nini?"

"Kuna Miles."

Thomasin alisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Herufi za chapa alizijua, lakini kuandika aliweza jina lake tu. Kasisi alikuwa ameeleza kwamba Miles Capstick alikufa gerezani akibweka kama mbwa na kumtukana Kristo. Akaeleza kwamba Watetemekaji walimloga kwa utepe waliomfunga mkononi, na kwamba mlinzi wa gereza aliuona utepe huo kwa macho yake.

"Uongo," alisema Thomasin. "Uongo mtupu."

"Najua ni uongo. Lakini huo utepe ameutoa wapi?"

Thomasin alikikunja kijitabu haraka. Alikuwa amesikia viatu vya Ellin uani.

Kumficha Ellin kitu ilikuwa kazi bure. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mwembamba, mwenye macho ya baba yake, na Miles alikuwa amemfundisha kusoma na kuandika kwenye majivu ya moto tangu akiwa mdogo. Alikichukua kijitabu mkononi mwa mama yake, akakisoma akiwa wima, kisha akakisoma tena.

"Kasisi amekosa kazi," alisema. "Mimi nitampa."

Aliandika kwa siku nyingi, kwenye meza ya jikoni, akisukuma bakuli za uji pembeni. Wino alitengeneza mwenyewe, na harufu yake iliingia hadi kwenye mkate. Thomasin alikaa upande wa pili akifuma, akitazama kalamu ikienda na kurudi. Kila mara Ellin alipocheka peke yake, sindano za mama zilisimama.

"Unacheka nini?"

"Sikiliza. 'Ewe Gervase Pennick, unayeuza Injili kwa mizani kama mchinjaji auzavyo utumbo, nao utumbo wenyewe umeoza...'"

"Ellin!"

"Ameandika baba alibweka, mama."

"Nimesikia alichoandika. Ila huyu anakula meza moja na hakimu. Unajua hilo?"

"Wote tunalijua."

"Na jina lako utaliweka?"

Ellin aliinua uso kwa mshangao wa kweli. "Nisipoliweka atasema tumejificha. Sisi hatujifichi."

Kijitabu cha Ellin kilikuwa na jina refu kuliko la kasisi: *Mbwa Mwitu wa Rawthby Akutwa ndani ya Ngozi ya Kondoo, na Meno Yake Yahesabiwa*. Lakini Marafiki hawakupeleka kitu London hivi hivi. Walikuwa na desturi yao. Andiko lililetwa kwanza mkutanoni, likasomwa kwa sauti, kisha watu wakakaa nalo kimya. Kama wote walilipokea, lilikwenda. Kama hata mmoja, awe mkubwa au mdogo, alijisikia kuzuiwa na Nuru, alisema maneno mafupi tu, nalo andiko likarudi nyumbani na mwenyewe. Hakuulizwa sababu. Nuru haihojiwi kama shahidi mahakamani.

Thomasin aliijua desturi hiyo sawa na kila mtu. Siku ya mkutano ilipokaribia alikuwa halali vizuri. Alijiona yumo tena ndani ya gereza lile alikomuuguza Miles, maji yakitiririka ukutani, majani ya kulalia yametembewa na panya, lakini safari hii aliyelala juu ya majani alikuwa msichana. Aliamka, akaenda kugusa mguu wa Ellin chini ya blanketi, akarudi kitandani, akaamka tena.

Ghalani, mzee Cuthbert Harker alisoma. Alikuwa mchungaji wa kondoo, mrefu, mpole, mwenye kofia iliyochakaa hata ukingo wake ukawa kama jani la kabeji. Alisoma matusi yote ya Ellin kwa sauti ileile ambayo angesomea orodha ya majembe. Mabel alishindwa kujizuia, akaguna kwa furaha palipotajwa utumbo. Kisha Cuthbert alikunja karatasi.

"Tukae nalo," alisema.

Walikaa. Kondoo mmoja alikohoa nje. Thomasin alikuwa amefumba macho na kuomba. Aliomba kwa dhati asikie Nuru ikisema hapana. Alichosikia ni damu yake mwenyewe ikipiga masikioni, na kifua chake kikibana, kikibana zaidi, hadi akaona kama atakosa pumzi. Akajiambia: huenda ndiyo yenyewe. Nani ajuaye inavyokuja?

"Sina amani nalo," alisema.

Vichwa viligeuka. Cuthbert alimtazama muda kidogo, kisha akainama.

"Basi halitakwenda," alisema, akamrudishia Ellin karatasi zake.

Thomasin alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa mlango kubamizwa, kwa kununiwa wiki nzima. Asichojiandaa nacho ni kwamba binti yake angemwamini.

Ellin alirudi nyumbani. Aliziweka karatasi ndani ya sanduku la unga, akafunika.

"Kama si ya Bwana, si ya Bwana," alisema. "Mimi nilidhani ndiyo. Nilikuwa na uhakika, mama. Ndiyo maana inanitisha."

"Inakutisha nini?"

"Kwamba nilikuwa na uhakika na bado nilikosea. Sasa nitajuaje lolote?"

Thomasin aliinamia soksi yake, akafumua mistari ambayo haikuwa na kosa.

Siku zilivyopita mambo hayakupoa. Ellin alikuwa na kawaida ya kusimama mkutanoni na kunena, tangu ana miaka kumi na sita. Sasa alikaa. Mara moja aliinuka nusu, akaketi tena, uso mwekundu. Alikula kama ndege. Jioni moja walipokuwa wanaokota vipande vya udongo wa mboji vilivyokatwa kinamasini na kuanikwa viwake kama kuni, aliuliza bila kumtazama mama yake:

"Uliisikia wapi? Ilipokuja. Ilikuwaje?"

"Kifuani," alisema Thomasin. Hilo lilikuwa kweli. Marafiki hawasemi uongo.

"Kama mkono?"

"Kama mkono unaobana."

"Mimi sijawahi kuisikia hivyo," alisema Ellin, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mlango ambao hana ufunguo wake. "Kwangu huja kama kitu kinafunguliwa. Labda siku zote nilikuwa najisikia mwenyewe."

Thomasin alibeba kikapu chake, akatangulia mbele ili asionekane uso. Alikuwa amemzuia asiende gerezani, naye alikuwa anamwona akifungwa hapo hapo uani. Alijiambia msichana atazoea. Alijiambia heri akonde nyumbani kuliko kunenepa kaburini, kisha akaona kwamba maneno hayo hayana maana, akayarudia hata hivyo.

Huku nyuma, Bwana Pennick alikuwa anangoja jibu. Alipoona halifiki alichangamka. Siku ya soko alisimama kwenye ngazi za msalaba wa mawe uliopo sokoni, kofia mkononi isipeperushwe na upepo, na kijitabu chake kwenye mkono wa pili. Hakuwa mtu mwovu wa kutisha. Alikuwa na mafua ya kudumu, mke mkimya, na watoto wengi wenye viatu vizuri. Alipenda kushinda, basi.

"Ndugu zangu!" aliita. "Hawa watu wana jibu kwa kila kitu. Mwambie Mtetemekaji habari za asubuhi, atakuandikia kurasa arobaini. Sasa nimeuliza jambo moja, Miles Capstick alikufaje? Miezi inapita. Mbona kimya?"

"Wanangoja Roho!" alipiga kelele mwuza samaki. "Roho amekwama njiani, barabara mbovu!"

Watu walicheka. Thomasin alikuwa pale na kikapu cha soksi za kuuza, Ellin ubavuni mwake. Mke wa mchinjaji aliinama juu ya meza yake ya nyama.

"Ellin, mwanangu, unatetemeka leo, au ni baridi tu?"

"Ni baridi, Bridget," alisema Ellin.

"Haya, wenyewe mmesikia!" alisema kasisi. "Binti huyu amesoma. Nimeambiwa aliandika jibu. Liko wapi? Au hata Roho wao ameona aibu kumtetea mtu aliyekufa akibweka?"

Thomasin alimtazama binti yake. Ellin alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa inatikisika, si kwa baridi. Hakuwa na jibu, kwa sababu mama yake alikuwa amemwambia Mungu hataki ajibu.

"Hakubweka!"

Thomasin alishtuka kusikia ni sauti yake mwenyewe. Kikapu kilikuwa kimemwanguka.

"Hakubweka. Alikuwa na homa. Aliuliza kama kondoo wetu mwenye doa amezaa. Nikamwambia amezaa mapacha, akafurahi. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Wewe hukuwepo, Gervase Pennick, ulikuwa kwako unakula zaka yetu."

Watu walisogea karibu. Hata mwuza samaki.

"Na utepe?" aliuliza kasisi.

"Uzi! Uzi wa soksi. Usiku aliinuka kwa homa akijigonga ukutani, nami nilikuwa nimechoka, nalala nikiwa nimekaa. Nikafunga uzi mkononi mwake, na ncha ya pili mkononi mwangu, ili akiinuka niamke. Huo ndio uchawi wetu."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Loo, maskini." Mke wa mchinjaji alifuta mikono yake kwa aproni, akatazama kando.

Mambo yangekomea hapo, Thomasin angekuwa ameshinda. Lakini Bwana Pennick alikuwa bingwa wa mabishano, na bingwa hutafuta ufa.

"Kama jibu lenu ni jepesi hivyo, Mama Capstick," alisema kwa upole, "kwa nini hamkuliandika? Roho aliwakataza?"

Ellin aliinua kichwa. Alimtazama mama yake kwa macho yale ya Miles, akingoja.

"Roho hakukataza," alisema Thomasin. "Nilikataza mimi. Nilisema mkutanoni sina amani, kumbe nilikuwa naogopa. Niliogopa mtamchukua mtoto wangu kama mlivyomchukua baba yake."

Kasisi alibaki kinywa wazi kidogo. Kisha uso wake ulianza kung'aa.

"Mmesikia?" alisema polepole. "Mmesikia, ndugu zangu? Huyo Roho wao, hiyo Nuru inayowakatalia kuvua kofia mbele ya hakimu... ni mama aliyepata hofu!" Alipiga chafya kwa furaha. "Mama Capstick, Mungu akubariki. Nimehangaika miezi yote natafuta hoja kama hiyo, nawe umeniletea bure sokoni."

Kicheko kilipanda tena, kikubwa kuliko cha kwanza. Thomasin aliokota soksi zake kwenye matope moja moja. Ellin hakumsaidia. Alikuwa ameshaanza kupanda mlima.

Thomasin alimfuata kwa nyuma njia nzima, akipiga hatua za haraka, akipungukiwa pumzi. Kwenye zizi la mawe lililo nusu ya njia, Ellin alisimama.

"Ulisema kwa jina la Nuru," alisema.

"Ndiyo."

"Nimekaa wiki ngapi nikijichunguza? Nilidhani nina uchafu ndani. Nilifikia kudhani maneno yangu yote, tangu utotoni, ni ya shetani."

"Niliona."

"Uliona! Wewe huoni nini? Unanitazama hata nikilala. Uliona, ukanyamaza!" Sauti ilikatika. "Si ungesema tu unaogopa, mama."

"Mkutanoni? Nani angezuia andiko kwa sababu mjane anaogopa?"

"Hakuna. Lingekwenda," alisema Ellin. "Lakini ningejua."

Walisimama hapo, upepo ukipeperusha kofia zao za kitambaa. Kondoo waliwatazama, wakaendelea kula. Baada ya muda Ellin aliuliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Ule uzi ulikuwa wa rangi gani?"

"Kijivu. Ule wa kondoo wa Cuthbert."

"Hukuniambia kamwe."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, mama."

Thomasin aliketi juu ya jiwe, akamweleza. Alimweleza yote aliyokuwa ameyafungia: majani, maji ya ukutani, mlinzi aliyeuliza ule uzi ni wa nini na kucheka, asubuhi ambayo uzi haukuvutika tena na yeye akaendelea kulala, akifurahi kwamba mgonjwa ametulia. Hilo la mwisho alilisema huku akivuta nyasi kwa vidole. Ellin aliketi karibu naye. Hakumkumbatia. Bado alikuwa na hasira, lakini aliketi karibu.

Zile karatasi zilitolewa kwenye sanduku la unga. Ellin alizisoma, akazitupa motoni karibu zote, pamoja na utumbo.

"Nilimtukana vizuri," alisema kwa masikitiko kidogo. "Lakini hakuna mahali nilipomjibu."

Aliandika upya, kifupi. Aliandika juu ya homa, kondoo mwenye doa na uzi. Kisha akaandika pia kwamba andiko la kwanza lilizuiwa na mama aliyeita hofu yake Nuru, na kwamba Marafiki wa Rawthby walidanganyika, na kwamba wanalisema hilo wenyewe kabla hawajasemewa.

"Lazima liwemo?" aliuliza Thomasin.

"Kasisi ataliandika. Na ni kweli."

"Basi weka na jina langu chini. Karibu na lako."

"Si lazima, mama. Mwandishi ni mimi."

"Mimi ndiye niliyekuwepo. Weka." Aliiona kalamu inasita. "Ellin, nimekosea mara moja kwa sababu yako. Hili siombi kwa Nuru wala kwa kitu kingine. Naomba kwa akili yangu mwenyewe. Wakija, waje na majina mawili. Nipe hiyo kalamu."

Akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa zilizoegemeana kama ng'ombe wenye baridi.

Cuthbert aliposoma ghalani, safari hii sauti yake haikuwa ya orodha ya majembe. Alifika penye habari ya hofu, akasafisha koo, akaendelea. Mabel alikuwa mwekundu kama kaa la moto.

"Mnataka kutuvua nguo mbele ya London nzima?" alisema. "Kasisi alisema atatuvua, nyie mnamsaidia kufungua vifungo!"

"Ni uongo, Mabel?" aliuliza Cuthbert.

"Si uongo. Ni aibu tu."

"Kama ni aibu tu, tukae nayo."

Walikaa. Hakuna aliyemtazama Thomasin, na ukimya wote ulikuwa umemwelekea yeye. Alijua wanangoja. Mkono ule ulikuja tena kifuani, uleule, ukibana palepale. Haukuwa mwepesi kuliko mara ya kwanza. Alijaribu kuusikiliza, autenganishe, aone kama ndani yake kuna kitu kingine zaidi ya mama na mtoto. Hakuweza kujua. Pengine hatajua maisha yake yote. Alichojua ni kwamba mkono ule ameshauona ukimkondesha binti yake. Aliweka mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Ukimya uliendelea. Njiwa waliingia darini wakatoka.

Cuthbert alikunja karatasi. "Itakwenda," alisema.

Ilikwenda pamoja na sufu. Ilirudi kabla ya msimu wa kukata nyasi, imepigwa chapa kwa karatasi duni, majina mawili chini. Watu wa Rawthby waliisoma kwa mwuza pombe kama walivyosoma kile cha kasisi, na wengine waliacha kucheka walipofika kwenye uzi. Mke wa mchinjaji alinunua moja ingawa hakujua kusoma. Bwana Pennick alijibu haraka kwa kijitabu chenye kurasa nyingi zaidi, kilichoitwa *Nuru ya Mama Capstick*, nacho kiliuzwa vizuri hadi mji wa Kendal. Marafiki wa Kendal wakajibu. Mtu asiyejulikana wa kusini, ambaye hakuwahi kufika Rawthby, akawajibu wote.

Thomasin hakuvisoma. Alikuwa anafuma soksi nene, zenye nyayo mbili, za kuvaa juu ya sakafu ya mawe. Alipomaliza jozi ya Ellin alianza ya pili. Kando ya mlango aliweka furushi: mikate myembamba ya shayiri inayokaa muda mrefu bila kuoza, jibini, blanketi. Kila mkate ulipozeeka aliutoa wakaula, akaweka mwingine. Masikio yake hayakupumzika hata siku moja.

Kwa hiyo safari hii alisikia. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, na viatu vilivyokuja njiani vilikuwa vizito, vikisitasita. Kabla mlango haujagongwa alikuwa ameshamwaga maji juu ya moto.

Alikuwa Konstebo Lancelot Bibby, aliyefuga nyuki upande wa pili wa mto na ambaye Thomasin alimuuzia soksi kila mwaka. Alivua kofia, akakumbuka hawa watu hawapendi mambo hayo, akaivaa tena.

"Mama Capstick. Nimetumwa na hakimu. Kumkashifu kasisi." Alitazama hati yake. "Ellin Capstick. Na... na wewe, mama. Wewe ungeweza kusema hukuandika. Kila mtu anajua hujui kuandika."

"Jina langu naliandika, Lancelot. Umeliona?"

"Nimeliona. Liko chini, karibu na la Ellin."

"Ndilo hilo."

Ellin alishuka ngazi ya darini akifunga nywele. Alimwona konstebo, akaliona furushi, akaona jozi mbili za soksi juu yake, za urefu mmoja. Alimtazama mama yake muda mrefu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya soko."

"Na mimi nilidhani unafuma za kuuza."

"Vaa hizo nene. Usibishe."

Walishuka bondeni watatu, konstebo katikati. Thomasin alikuwa amechomoa sindano zake na kuanza soksi nyingine, maana huku juu wanawake hufuma wakitembea na njia ilikuwa ndefu. Mfuko wake ulikuwa na jibini, kwa hiyo donge la uzi alimpa Ellin alishike. Uzi ulipita mbele ya tumbo la konstebo, kutoka kwa binti hadi kwa mama, naye kila baada ya hatua chache aliuinua kwa kidole ili usinaswe na kifungo cha koti lake.

"Mtaniangusha na huu uzi wenu," alinung'unika.

"Tembea taratibu basi," alisema Thomasin.

Kifua bado kilikuwa kinabana. Aligeuza kichwa akasikiliza: nyayo za Bibby, nyayo zake mwenyewe, na upande ule, zikipiga mawe yaleyale, za Ellin.